Nafasi Haitoshi

Ekirapa alikuja Jumanne, saa nne,
duka lina wateja watatu
na kadi ya vifungo vya pembe imemwagika chini ya kaunta.
Akaweka tarakilishi yake juu ya majora ya bitana,
akasema: Mama Kerubo, mambo ni mawili,
programu ya simu au tovuti.
Uchague, nijenge.

Programu, alisema, ni kumpa mteja ufunguo.
Duka lako linalala mfukoni mwake,
alama ya kifungo chekundu kwenye kioo.
Akikusahau unamwita: zipu mpya zimefika!
Hata mtandao ukikatika, orodha anaiona.
Tovuti ni mlango ulio wazi barabarani,
mtu anaingia, anatoka,
kesho hakumbuki ilikuwa ghorofa ya ngapi.

Nikaupenda ufunguo. Sitadanganya.
Nilijiona katika simu elfu moja,
kutoka Githurai hadi Rongai,
mwekundu, ninaita.

Lakini pale mlangoni alisimama Nzilani,
fundi wa Kawangware,
anangoja zipu za inchi nane, buluu ya sare,
maana shule zinafunguliwa Jumatatu.
Nikamwambia kijana: jaribu kwa huyu.

Simu yake ina ufa kutoka pembe hadi pembe
na mpira wa kufungia noti
unaoizuia betri isidondoke.
Ekirapa akabonyeza. Kiduara kikazunguka,
kikazunguka,
kikasema: nafasi haitoshi, futa kitu.

Nzilani akaketi juu ya gunia la uzi.
Afute nini?
Akatupitisha humo ndani, kama mtu anayeonyesha nyumba:
mitindo ya mikono ya gauni,
vipimo vya bibi harusi wa Uthiru
(kiuno thelathini na tatu, lakini usimwambie),
picha ya deni lake kwangu, kwa mwandiko wangu.
Halafu sauti ya dakika mbili,
mumewe, kutoka wodini, mwaka juzi,
anauliza kama mvua imenyesha Kibwezi.
"Hii naiweka nikishona usiku," alisema.
"Inanipa mwendo wa mguu."

Ekirapa akafuta jasho.
Ni hilo tu lililofutwa siku ile.

Nikamuuliza: na mbona inataka ruhusa,
majina ya rafiki zake, kamera, mahali alipo?
Duka la zipu linataka kujua Nzilani amelala wapi?
Akacheka, akasema ndivyo zinavyojengwa.
Nikakumbuka kwamba kifungo
ni cha shati, na cha jela pia.

Na hiyo tovuti, ina uzito gani?
Akafikiri. Nikiibana vizuri, akasema,
ni nyepesi kuliko picha moja ya gauni.
Basi akamtumia mfano aliokuwa nao, kiungo kimoja tu.
Mimi neno hilo hunipeleka jikoni, kwenye bizari;
Nzilani hulisikia gotini, upande wa pedali.
Akakibonyeza.
Rangi zikaja polepole kuanzia juu,
kama jora linaloteremshwa rafuni,
nyeupe, krimu, kijani cha skauti,
na mwisho kabisa, wakati tumeshakata tamaa,
buluu ya sare.

Najua ninachokosa.
Sitamwita mtu saa mbili usiku.
Kuna wenye simu pana, wale wa maduka ya Kilimani,
watanisahau kabla lifti haijafika chini.
Ekirapa naye alinuna kidogo,
programu ingemlipa mara tatu.
Mwaka ujao pengine, nikamwambia,
nikamkatia chai.

Nzilani alichukua zipu kumi na nane,
nikaandika kumi na nane,
akapiga picha ya daftari,
nafasi ya hiyo ilipatikana.

Jioni nikifagia nilivipata vifungo vya pembe,
vyote isipokuwa kimoja.
Kadi nimeitundika vilevile,
na tundu zake mbili zilizo wazi.