Siku Tisini

Barua ya wakala ilishuka na basi la asubuhi,
imekunjwa ndani ya katoni, juu ya sidii ishirini:
Uza kwanza. Usikodishe kabla ya siku tisini.
Nikaisoma mara mbili, nikaibandika ukutani
chini ya maneno aliyoyaandika marehemu kwa rangi nyekundu
mwaka tuliponunua deki ya kwanza hapa Luanda:

      Kukodi si kununua, ukimaliza rudisha,
      ukichelewa ni deni, na deni huaibisha.

Shilingi mia nane, sidii moja.
Mia nane ni jogoo mzuri wa kupeleka ukweni,
na jogoo, angalau, huwika.

Mahindi yalikuwa magotini.
Phanice wa saluni akaja, akaishika moja, akaigeuza,
akajitazama kwenye nailoni yake kama kioo,
akaweka sawa kitambaa cha kichwa, akairudisha.
— Ya kukodi ni lini?
— Mwezi wa nane.
— Mwezi wa nane nitakuwa nimejifungua, mama.
Vijana wa bodaboda waliuliza mara tatu.
Mara ya nne hawakuuliza.

Hatua kumi kutoka mlangoni pangu
Kizito wa simu aliiuza filamu hiyo hiyo kwa mbao,
akiitia kwenye kadi ndogo kama ukucha,
na juu ya picha sauti ya kijana fulani
akiwasimulia watu kile wanachokiona.
Jioni kicheko chao kilipenya bati, kikaniingilia jikoni.
Sikumchukia Kizito.
Simu yangu aliichaji bure.

Kuku huatamia siku ishirini na moja.
Mimi niliatamia zangu tisini,
wala sikufungua hata moja nionje.
Usiniulize kwa nini. Nani angejua?
Lakini kila nilipoinua macho
ile rangi nyekundu ilikuwa pale pale, haijapauka.

Siku ya tisini mahindi yalikuwa yakikauka,
Phanice alikuwa na kitoto cha kike, mweusi, mwenye hasira.
Nikafungua saa moja kamili.
Nikapangusa kaunta, nikafungua daftari ukurasa mpya,
nikaandika tarehe, nikapiga mstari kwa rula.
Saa nne. Saa saba.
Mbuzi mmoja alichungulia.

Saa kumi akaja Asava wa kinu cha posho,
kope nyeupe kwa unga, sauti juu,
maana kinu kimemla masikio miaka kumi na minane.
— IMETOKA?
— Imetoka.
— MASHINE YANGU ILIKWENDA NA KARO. NITAITAZAMA HAPA.

Nikachana nailoni kwa meno.
Yeye juu ya kreti ya soda, mimi juu ya kigoda,
na kwenye kioo mtu aliyevaa makoti mawili
akimtafuta nduguye katika mji wa theluji.
— AMESEMA NINI?
— AMESEMA HATARUDI BILA YEYE!
Wapita njia walisimama wakidhani tunagombana.
Saa nzima na nusu nilipiga kelele maneno ya watu wengine
hadi koo likakwaruza.
Kisha mtu yule akafika kwenye mlango wa mbao,
akaweka mkono juu ya komeo,
na mvua ikagonga bati, na stima zikapotea.

Tulikaa gizani.
— MWISHO WAKE JE?
Aliuliza kama anayeulizia mgonjwa.
Nami ningesemaje? Kwamba nilitii?
— ALIFUNGUA, nikasema.
— AKAMKUTA?
— AKAMKUTA AMEZEEKA, UNGA KICHWANI, ANAPIKA CHAI.
— NA LILE DENI LAO?
— HALIKUTAJWA.

Asava alitikisa kichwa polepole.
Akahesabu shilingi thelathini kwa vidole, bila kuziona,
akaomba kalamu, na kwa mwanga wa simu yangu
akaandika, herufi kubwa zikipanda nje ya mstari:
Asava. Imerudi.

Stima zilirudi saa tatu usiku.
Yule mtu alikuwa bado ndani ya mashine, mkono juu ya komeo.
Nilichomoa waya ukutani.
Zilizobaki ni kumi na tisa.