Kando ya Chemchemi

Futi elfu nne mia sita na kumi na mbili:
ndicho kimo cha kizingiti cha posta,
na hapo ndipo tulipoanzia, Jumatatu, barafu ingali mitaroni.
Mimi nilishika fimbo ya vipimo.
Tharp alishika darubini na hasira zake.

Mji ulituishia upesi.
Tangi la maji, kituo cha petroli, uwanja wa farasi,
kisha lami ikakata tamaa ikawa changarawe,
changarawe ikawa vumbi,
vumbi likawa Nevada.

Siku kumi na moja tuliuandika uwanda kwa namba.
Mreteni mmoja, umekufa: namba.
Zizi la kondoo, halina kondoo: namba.
Gari lililotobolewa kwa risasi, limelala chali.
"Hilo si ardhi," akasema Tharp, "liruke."
Usiku upepo ulipekua karatasi zetu
kama karani anayetafuta kosa.

Siku ya kumi na mbili mbwa walitupokea kabla ya mwenye nyumba.
Graxiana Ithurralde, miaka themanini na mitatu,
koti la marehemu mumewe, mikono ya kukata manyoya.
Alitupa kahawa, jibini, na swali:
"Chemchemi yangu mtaichora?"

Tukaenda kuiona.
Shimo la mawe, ganda la chumvi,
ndoo iliyosahau kazi yake.
Ilikauka mwaka aliozaliwa mjukuu,
na mjukuu sasa ni rubani.
Tharp akavua kofia. Buluu ni ya maji, alisema,
na maji hayapo.

"Jina langu," akasema yule mama, "kwa Kibaski chetu,
maana yake ni kando ya chemchemi.
Haya, niandikeni mimi niko kando ya nini?"

Hatukumjibu.
Niliisimamisha fimbo penye yale mawe,
nikaishika wima kuliko siku zote.

Ramani ilipotoka kiwandani, Machi, nilimpelekea nakala.
Aliitafuta buluu bila miwani, kisha kwa miwani.
Nikamshika mkono, nikamwekea kidole kwenye mistari ya kahawia,
ile inayofuatana kimo kwa kimo kama kondoo njiani.
Ilipofika nyuma ya nyumba yake yote ilipiga goti,
mmoja baada ya mwingine, ncha zikielekea mlimani,
kama ifanyavyo mistari popote palipopita maji,
yawepo, yasiwepo.

Aliusugua mkunjo ule kwa ukucha, polepole.
Kisha akakinusa kidole.