Asilimia Thelathini na Nane

Ngazi za jengo hili la Mfangano ni sitini na mbili.
Nimezihesabu kwa sababu lifti imefungwa kwa kamba ya katani,
na kwa sababu tangu Machi nahesabu kila kitu:
vifungo vya shati, saba;
dakika za kuvifunga kwa mkono wa kushoto, kumi na moja,
Mbithe akijitia kutafuta kiatu cha mtoto
asije akanitazama.

Wakili Nekesa Barasa hakunipa pole.
Aliomba karatasi.
Nikatoa mkono mfukoni, nikauweka mezani
kama mchuuzi anayeweka samaki wake wa mwisho.
"Huo nimeuona ukihangaika na kitasa," akasema.
"Jaji hatauangalia. Jaji atasoma."

Basi tukaanza kuuandika.
Mashine gani? Ya kukandamiza bati,
sufuria namba sita hadi namba kumi na mbili.
Saa ngapi? Saa tisa alasiri.
Ulivaa glavu?
Jozi ilikuwa moja, sisi watatu.
Siku hiyo ilikuwa zamu ya Nyambane.
Mkataba wa kazi?

Hapo nikanyamaza.
Kibarua ana mkataba gani?
Ana lango la buluu kando ya Lunga Lunga,
saa kumi na mbili kasoro robo, baridi ya kung'ata,
na kidole cha msimamizi kikichagua:
wewe, wewe, na wewe pale nyuma.
Miaka minne kidole kile kilinijua.
Sasa kampuni imeandika barua, sentensi mbili:
mtu huyo hatumfahamu.

Nikamweleza jinsi msimamizi alivyonifuata wodini
na pakiti mbili za unga na fomu ya kutia sahihi.
Unga tuliula.
Fomu sikuitia sahihi, wala haikuwa werevu:
mkono wa sahihi ulikuwa ndani ya bandeji.
Wakili akacheka, mara ya kwanza na ya mwisho.
"Basi mkono huo ulikuokoa
ukiwa umeshakatwa."

Kisha akaomba simu.
Akapandisha ujumbe kwa dole gumba, juu, juu zaidi,
Jumamosi baada ya Jumamosi:
umepokea elfu tatu na mia tatu,
umepokea elfu mbili na mia nane (wiki ya mafua),
jina la msimamizi likirudi na kurudi kama kiitikio.
"Huu ndio mkataba wako. Usiiuze simu hii."
Nilikuwa nimemwahidi mtu wa Gikomba kwamba naileta Alhamisi.

Ripoti ya daktari aliisoma mara mbili.
Ulemavu wa kudumu, asilimia thelathini na nane.
Mbona si arobaini, nikauliza,
kama mtu anayepatana bei ya nyanya.
Hizo mbili daktari amempa nani?
Hakujibu. Alipiga mstari chini ya nambari,
mstari mnyoofu, bila rula.

Mkono mtupu haulambwi, na nusu mkono je?
Nikainama, nikatoa elfu mbili za chama cha Mbithe
kwenye soksi.
Akazichukua zote. Akaandika risiti.
Niliipenda ile risiti kuliko pole zote za mtaani:
jina langu, tarehe, kiasi,
mtu amekiri kwamba nilikuwapo.
Itachukua muda gani?
"Muda," akasema.

Kwa kamishna wa viapo, ghorofa ya pili,
kijana mmoja, macho kwenye kitabu:
"Inua mkono wa kulia."
Nikauinua.
Akatazama. "Hata wa kushoto ni sawa, mzee,"
nami sijafika arobaini,
lakini ulikuwa umeshapanda: dole gumba, kidole cha mwisho,
na kati yao pengo,
na ndani ya pengo dirisha,
matangi meusi ya maji juu ya mapaa, nguo zimeanikwa.
Nikaapa hivyo hivyo.

Akavuta karatasi, akanyanyua muhuri.
Ukashuka: dhu!
Vidole vitatu nisivyonavyo
vikajikunja upesi,
na safari hii vikawahi.