Hundi Namba 412

Ijumaa ya mwisho wa Januari, sahani zikishaoshwa,
mama alitandaza gazeti juu ya meza ya jikoni
kama mtu anayetaka kuparua samaki.
Theluji ya Michigan ilikuwa imefika kioo cha chini cha dirisha.
Mgodi wa chuma ulifungwa tangu Agosti,
na baba alikuwa Wisconsin, akikata miti ya watu.

Reino alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi tisa.
Tukapewa penseli.
«Kalamu ni ya wasiokosea,» alisema mama,
«nao hawaishi nyumba hii.»

Bahasha ya benki aliifungua kwa kisu cha siagi.
Ndani, hundi zetu zilizorudi nyumbani,
kila moja na muhuri mgongoni
kama ng'ombe aliyetoka mnadani.
Mimi nasoma, Reino anatia vema kitabuni:
mia nne ishirini na sita, daktari wa meno, vema.
Ishirini na saba, mafuta ya tanuri, vema.
Ishirini na nane, viatu vyangu
(vilikuwa pale pale karibu na jiko, vikivuja maji), vema.

Salio la benki: dola mia moja arobaini na moja, senti sitini.
«Tumetajirika!» akasema Reino.
«Benki inajua ya jana tu.
Haijui tuliyokwisha kuahidi.
Toa ambazo hazijarudi.»

Hazijarudi mbili.
Ya umeme, kumi na nane na robo, iko njiani.
Na namba 412, dola ishirini na tano,
kwa Hilja Saari, aliyetulea kiangazi kizima
mama alipokuwa akishona glavu kiwandani.

Mwezi wa tano sasa.
Tulijua ilipo. Tuliiona kila Jumapili
tulipokwenda kula mkate wake wa iliki:
imekunjwa mara nne,
imetiwa chini ya mguu mfupi wa meza yake
ili meza isiyumbe.

Reino akaweka penseli chini.
«Hataipeleka benki, mama. Anajua mgodi umefungwa.
Basi ni zetu.»

Mama hakumkemea.
Alipuliza vumbi la kifutio likaruka.
«Hadai, sawa. Lakini tunawiwa.
Toa.»

Tukatoa. Tisini na nane, senti thelathini na tano.
Kitabu chetu kikasema mia na saba, senti thelathini na tano.
Dola tisa zinaelea kati ya karatasi mbili,
na mama, mara ya kwanza wiki ile, akacheka.
«Tisa! Tofauti ikigawanyika kwa tisa,
tafuteni tarakimu mbili zilizobadilishana viti.»

Tukarudi nyuma, kidole juu ya kila mstari.
Tukazikuta dukani kwa Bwana Trevarrow:
hamsini na nne na senti ishirini,
mkono wa Reino umeandika arobaini na tano.
Akafuta hadi karatasi ikawa ganda la kitunguu.

Hesabu zikawiana.
Hakuna aliyeongezeka hata senti,
tulikuwa maskini kuliko saa moja iliyopita,
na bado Reino alipiga meza kwa furaha.

Machi, hundi ya Hilja ikapita miezi sita, benki isingeipokea tena.
Mama akaandika nyingine, namba 447, kiasi kile kile,
akanituma.
Hilja aliisoma kwa miwani, mbele na nyuma.
Akanikatia mkate.
Kisha akapiga magoti, akainua meza kwa bega,
akaisukuma mpya chini ya mguu, juu ya ile kuukuu.

Meza ikayumba upande wa pili.

«Sasa zimezidi,» akasema.
Akaichomoa ya kwanza, nyeusi kwa uzito wa chai na viwiko,
akanipa.

Usiku Reino alikinyoosha kile kipande kwa kiganja,
akatafuta ukurasa wa Septemba:
mia nne kumi na mbili, vema.
Mama akamsogezea penseli tena.
«Na chini yake?»
Akaandika, polepole:
447. Haijarudi.