Mtu wa Sindano

Natoka zamu saa moja asubuhi,
miguu imevimba ndani ya viatu vya hospitali,
na badala ya kitanda naliona turubai.
Nalifunua.

Mazda ya mwaka sabini na tisa.
Ilikuwa ya dhahabu, sasa ina rangi ya chai iliyomwagika.
Kimbunga kililizamisha gari hili siku tisa kwenye matope
na baba akasema: liacheni, limekufa na wenziwe.
Hakusema wenziwe gani.
Miaka sita kuku wa jirani Casilda walitagia nyuma ya viti.
Mayai nilimrudishia. Gari sikuliuza.

Ndani ya injini hii hakuna pistoni.
Hakuna kipandacho wala kishukacho,
hakuna vali ya kugongagonga kama mdai mlangoni.
Kuna rota mbili, pembe tatu tatu, nene ubavuni
kama sambusa zilizoshiba,
kila moja inazunguka chumba chake chenye umbo la ganda la karanga,
na kila ncha lazima iguse ukuta, iguse muda wote,
isikwaruze, isiachie.

Kama kuishi na baba.

Sili za ncha zilikuwa zimeliwa na kutu.
Nilizing'oa polepole, kwa mkono uliozoea
kutafuta mshipa wa mtoto mchanga.
Umeme ukikatika, na hapa Moca hukatika bila kuaga,
nilivaa taa kichwani nikaendelea,
vyura wadogo wa kisiwa wakiita jina lao gizani,
wakiita, wakiita, kana kwamba nimewauliza.

Baba yuko kwenye kiti cha plastiki.
Masikio yake yaliishia kwenye mashindano,
ekzosi moja baada ya nyingine,
basi tunaandikiana juu ya maboksi ya vipuri.
KABURETA IBAKI, aliandika, kwa herufi za mtu anayepiga kelele.
Mimi nilikwisha nunua pampu mpya,
rejeta ya alumini, sindano nne za mafuta
na kompyuta isiyozidi pakiti ya biskuti.
Nikamwandikia: Mgonjwa aliyelala majini siku tisa
hanyweshwi kwa kikombe. Anatundikiwa dripu.
Nami ni mtu wa sindano, baba. Ulinisomesha wewe.

Siku tatu hakunitazama.
Siku ya nne nikaikuta kabureta jikoni,
imesuguliwa hadi inang'aa,
imekaa kwenye rafu kando ya Bikira Maria.

Jumapili nikawasha.
Ikakohoa. Ikalowa petroli, ndiyo tabia yao hizi,
zikinywa kwa pupa zinazama.
Nikachomoa fyuzi ya pampu, nikakausha plagi zote nne,
nikapuliza, nikaomba, nikatukana, nikarudia.
Mara ya tano ikashika.
Moshi mweupe ukazivaa shuka za Casilda kambani,
naye akatoka akiwataja watakatifu
kwa namna ambayo watakatifu hawajazoea.
Na mlio ule! Si ngurumo.
Ni mahindi yakipasuka ndani ya sufuria kubwa,
haraka, haraka, kisha pengo, kisha haraka.

Baba hakusikia kitu.
Aliinuka, akaweka kiganja juu ya boneti,
kichwa upande, macho yamefumba,
kama mimi ninavyoshika kifundo cha mkono wodini.
Vidole vya mkono mwingine vikahesabu pajani.
Nikasubiri kilio, au tabasamu, au neno juu ya mama,
ambaye kiti cha abiria kilikuwa chake.
Akaomba kalamu.

ROTA YA NYUMA. NCHA MOJA INAVUJA.

Nilibisha. Nikaleta kipimo, nikakifunga:
pumzi nzito, pumzi nzito, pumzi hafifu.
Wiki kumi na moja za kazi, na ncha moja
ndogo kuliko ukucha wangu wa kidole cha mwisho.

Nimezima. Spana ziko mezani.
Kesho nina zamu ya usiku.
Yeye bado hajaondoa kiganja,
na bati linapoa.