Haki ya Kusimama

Mimi ni mkalimani. Kazi yangu kubeba maneno
kutoka mdomo huu hadi sikio lile
bila kuyamwaga njiani.
Siku ile yalimwagika.

Mleta maombi: Holo Luhende, wa Mwaloni, Kirumba,
muuza dagaa wa jumla, miaka sitini na mmoja.
Harufu ya kazi yake ilimtangulia mlangoni
kama wakili wa pili.
Mjibu maombi: Serikali.
Ombi: izuiwe kupeleka makombora
kwa serikali rafiki, ng'ambo ya milima.

Wakili Rweyongeza akainuka, koti limemkaa.
"Mheshimiwa Jaji, mambo ya nchi na nchi
yanamhusu nini mama huyu?
Amepigwa na kombora lipi?"

Holo akajibu kwa Kisukuma, nami nikabeba:
kila gunia lililotoka mikononi mwangu
lililipiwa ushuru. Ushahidi huu hapa.
Akafungua kiroba, akamwaga mezani
miaka kumi na tisa ya stakabadhi,
nyingine zimeliwa na mende,
nyingine zina magamba bado.
Karani akatafuta leso.

Likaja daftari la madeni, kielelezo namba mbili.
Ukurasa wa Vumilia Nabintu, mnunuzi wa ng'ambo:
magunia kumi na manne, amelipia tisa.
Chini yake, kwa wino mwingine:
*Soko lao limepigwa Jumanne. Hatakuja.*

"Deni nimelisamehe," alisema Holo.
"Ninalouliza ni moja. Kombora lile
mimi nililichangia shilingi ngapi?"

Jaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa,
akaivua tena. Juu ya bati
korongo walikuwa wakipiga kwata.

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki tano,
kurasa ishirini na mbili,
msimu wa wadudu wa ziwa, wale wanaoingia
kama moshi dirishani na kufia kwenye wino wa muhuri.
Ulinzi ni siri ya dola.
Urafiki wa mataifa hauna mizani mahakamani.
Tena, na hili ndilo zito,
mleta maombi hana haki ya kusimama
mbele ya mahakama hii.

Hapo nikakwama.
Nilipekua Kisukuma chote alichonilea nacho mama,
nikapata kusimama tu,
kule kwa nyayo na magoti.
Nikampa hicho nilichokipata.

Holo akaangalia chini, akaviona viatu vyake.
"Sina haki ya kusimama?
Nimesimama majini hadi kiunoni kabla hakujapambazuka.
Nimesimama dirisha la ushuru jua likinichoma utosi.
Bugando, usiku ule mume wangu anakata roho,
nilisimama hadi asubuhi, benchi halikuwepo.
Mwambie baba yule,
kusimama ndiyo kazi ninayoijua."

Sikumwambia.
Uamuzi ukishasomwa, kanuni haina nafasi ya majibu,
na mimi nina watoto wanaosoma.

"Kila upande ubebe gharama zake,"
Jaji akamalizia.
Hilo nililitafsiri vizuri, neno kwa neno.
Akaniuliza, kwa sauti ya kuulizia bei:
"Na Vumilia, yuko upande upi?"

Askari akapaza sauti: *Simameni!*
Jaji anatoka. Tukasimama sote,
mawakili, karani, waandishi wawili wa habari,
mzee aliyekuja kwa kesi ya kiwanja.
Holo peke yake alibaki ameketi,
anapanga stakabadhi zake mwaka kwa mwaka,
anazifunga kwa uzi wa nyavu.

Moja iliteleza hadi chini ya kiti changu.
Gunia moja. Tarehe imefutika.
Nilingoja atoke ndipo niinamie.
Ninayo hadi leo ndani ya pochi,
mimi niliyeshika kitabu nikaapa
kutoongeza wala kupunguza.