Koki ya Joto

Arua, mwezi wa pili, saa nane mchana,
na gari linanipuliza miguuni
kama mtu anayechochea kuni mbichi.
Nimeshusha vioo vyote vinne,
cha nyuma kushoto kwa kukivuta kwa kucha.
Upepo unaingia, nao umeshiba jua;
mgeni aliyekuja na wageni wake.

Kishikizo nimekisukuma kutoka kwenye nyekundu hadi buluu.
Kinakwenda, kinarudi,
ulimi usio na neno.

Tangu daraja la Pakwach hadi hapa
gundi ya kiatu changu cha kulia imeachia,
chupa ya kunywa imekuwa maji ya kuogeshea mtoto,
na kopo la odii nililomchukulia shemeji
limepandisha mafuta juu kama limeitwa.

Fundi Ezama hakuuliza gari lina nini.
Aliingiza mkono chini ya dashibodi,
akautoa upesi, akaupuliza.
"Dada, humu unaweza kukaanga kumbikumbi."

Akafungua boneti. Akanionyesha mipira miwili
inayotoka kwenye injini na kupenya ukuta wa bati:
mmoja unapeleka maji ya moto, mwingine unayarudisha,
na kwenye ule wa kwanza, koki ya shaba
isiyozidi kidole gumba.
Ikifungwa, joto linabaki huko linakofanya kazi.
Ikiwa wazi, una rejeta ya pili magotini,
na hakuna kioo cha kuiambia inyamaze.

"Kebo imekatika," nikasema,
maana ndivyo nilivyoambiwa Masindi,
na Karuma, na kila nilipolipa.
"Haijakatika," akasema. "Imefungwa."

Tochi ya simu.
Waya mwembamba, umezungushwa mara saba,
ncha zake zimekunjwa ndani
zisimchome mtu.

Mzunguko ule naujua.
Ni mkono uliofunga vitovu miaka thelathini na moja.

Mama, mkunga Kebirungi wa Kabale,
kule ambako asubuhi maneno hutoka na moshi
na ukungu hukaa barabarani kama mwenye shamba.
Datsun hii, rangi ya mahindi mabichi,
iliteremka vilima vya Muko saa tisa usiku
na mja mzito amelala kiti cha nyuma,
au na wawili, mmoja akiwa na umri wa dakika kumi.
Kila shimo, koki ilijifunga yenyewe.
Kila shimo, baridi iliingia.
Basi siku moja alisimama, nadhani,
akashika tochi kwa meno,
akaifunga wazi.
Hakumwambia fundi yeyote. Wala mimi.

"Nikate?" Ezama akauliza, koleo tayari.
Lori la magunia likapita, tukalisubiri vumbi lake.
Mbuzi mmoja akaja kunusa tairi, akaondoka.
Ezama hakurudia swali.

Kata.

Lakini koki ilikuwa imezoea;
haikukubali kugeuka hata kwa mafuta.
Ikabidi mipira ile miwili ing'olewe ukutani,
iunganishwe kwa kipande cha bomba na klipu mbili,
maji yaende na kurudi bila kuingia nyumbani.
Tundu zilizobaki akaziziba kwa soli ya ndala,
ameichonga vizuri, bado ina alama ya kisigino.
"Ukihamia kwenye baridi, rudi nikitoe hiki."
Alitaka thelathini na tano. Nikampa thelathini na mbili,
tukasalimiana kama watu walioshinda wote.

Sasa naendesha, na joto lililomo
ni la Arua tu, la kila mtu.
Isipokuwa pale karibu na klachi,
uvuguvugu kidogo bado unapenya.
Nimeuhisi kabla sijafika kona ya kwanza.
Sikugeuza gari.

Waya nimeuweka kwenye kisahani cha majivu,
pamoja na pini zake mbili za nepi
na shilingi hamsini isiyonunua kitu.